Kabari ya Jiwe la Lango

Ambohitrakanga, 12 Novemba 1986

Dada Voahirana,

Nakuamkia nikiamini kwamba magoti yako bado yanakubali kupanda ngazi za huko mjini. Sisi huku wazima. Mvua imechelewa, lakini miche ya mpunga tumekwisha kuipandikiza katika bonde la chini. Mke wangu Bodo anakusalimu. Fara binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele, na akicheka sasa ni marehemu baba mtupu. Mama Raivo naye anakusalimu sana. Bado anapika vitumbua vyake pale kwenye lango la bustani, mgongo kauegemeza kwenye jiwe, na bado ananiita mtoto wake wa mgongoni mbele ya wageni, mimi mwanamume wa miaka arobaini na moja mwenye kofia ya manispaa kichwani. Nilimwambia aache. Akanijibu, "Mama yako alipofariki ni nani aliyekubeba, kofia?"

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Huyu mhandisi mpya wa manispaa, Rabenoro, ameingiwa na wazimu wa vyuma. Alikuja na kamba na vijiti, akalipima jiwe la lango juu mpaka chini, akaandika weee, kisha akaniita ofisini kwake. Anataka kulitoboa, dada! Matundu manne, apitishe nondo, azifungie kwenye nguzo kwa saruji, na mbele yake asimamishe uzio wa chuma kama wa gereza. Anasema watoto wa shule wanalipanda kila Jumapili kupigiwa picha, na kipande cha mti si kitu cha kuzuia jiwe la duara lenye uzito wa ng'ombe kumi na watano.

Nikamwambia, "Bwana Mhandisi, kabari hiyo imelizuia tangu enzi za wafalme."

"Kabari hiyohiyo?"

"Hapana, huwa tunaibadilisha."

"Basi si hiyo," akasema, akanifungulia mlango nitoke.

Wewe huhitaji nikukumbushe. Babu alikuwa mmoja wa watu ishirini waliolisukuma jiwe lile kila jioni kuufunga mji. Baba akalitunza, na sasa nalitunza mimi, kwa mshahara wa kufagia majani. Kila mwaka kabla ya Alahamady, mwezi wa kufungua mwaka wa wazee, tunalisogeza shubiri moja na kulirudisha, lisilale. Ukilitoboa na kulifunga nondo halisogei tena, na mimi sitakuwa na kazi ila kufagia. Barua ya Rabenoro ya kuomba ruhusa inakuja huko kwenu, kwa kuwa bustani yetu imo kwenye orodha ya mambo ya kale, na barua zote zinapita mezani kwako. Sikuombi utende kosa. Naomba tu ruhusa isitolewe haraka.

Ni mimi mdogo wako,
Tovo


Antananarivo, 1 Desemba 1986

Tovo,

Barua yako imetembea siku kumi na sita. Nadhani dereva wa basi alikwenda nayo harusini kwanza. Nimefurahi kwa habari za Fara. Mwambie meno yatarudi, mimi yangu ndiyo hayarudi. Magoti ni mabaya na macho ni mabaya zaidi. Sabuni imeadimika, mafuta ya kupikia tunapanga foleni tangu alfajiri, na ofisini hatuna hata karatasi ya kaboni. Kila barua inaandikwa mara moja tu, ikipotea imepotea. Huyu anayekuletea bahasha amebeba pia shuka zito la Mama Raivo. Mwambie nimesema alivae, asilifungie sandukuni.

Barua ya Rabenoro ninayo. Nimeisoma mara mbili na nitakuudhi: huyo bwana hakuandika upuuzi. Amepima vizuri kuliko wataalamu wetu wa hapa. Nondo zake ndizo ushenzi, na nimemwambia mkurugenzi hivyo waziwazi. Mwaka wa kumi na tisa huu nimo katika idara hii, nimeona jinsi wanavyookoa vitu. Wanavimwagia saruji, mwaka wa tano saruji inapasuka, na kile kilichookolewa kinaondoka vipande vipande. Mkurugenzi ameandika pembeni "isubiri". Kwa hiyo umepata ulichotaka.

Sasa nijibu kama mtu mzima, kofia umeivua. Jiwe ni zima? Kabari ni nzima? Usinipe habari za babu, babu namjua. Jiwe halina watoto, Tovo, watu ndio wenye watoto. Nikisimama kutetea kitu mbele ya wakubwa nataka kujua ninachotetea kina hali gani.

Dada yako anayekupenda hata ukiwa mkaidi,
Voahirana


Ambohitrakanga, 20 Desemba 1986

Dada yangu,

Krismasi njema tangu sasa, maana najua barua hii itakukuta umekwisha kula jogoo wako. Mvua imefika, na kwa fujo. Tumeziba paa mara mbili. Bodo alikuwa na homa, sasa hajambo, anagombana na mimi kama kawaida. Mama Raivo amelivaa shuka lako siku moja, kalipeleka kanisani likaonekane, kisha kalikunja.

Umeniuliza, nakujibu. Jiwe ni zima kabisa. Kabari, kusema kweli, imeoza upande wa chini. Niliichoma kisu, kikazama nusu. Lakini usishtuke, mti mpya ninao tayari, umekauka vizuri chini ya dari yangu tangu mwaka jana. Kilichobaki ni siku. Nimekwenda kwa mnajimu, mzee Rainizafy, akahesabu mara tatu mbele yangu. Siku njema ya kwanza kwa kuigusa kabari ni Alhamisi, tarehe 22 Januari. Kabla ya hapo kila siku ina ubaya wake, na Jumanne ndiyo kabisa. Najua wewe wa mjini utacheka. Baba aliwahi kungoja miezi miwili, na katika uhai wake jiwe halikumkwaruza hata kuku.

Rabenoro hajui, na sitaki ajue. Akijua kabari imeoza, kesho yake analeta mashine yake ya kutoboa na hakuna atakayemzuia, hata wewe. Kwa hiyo nimekaza mawe mawili chini na nimenyamaza. Bustani iko wazi, watu wanapiga picha zao. Mtunza jiwe akianza kulizunguka kwa mbali, mji mzima utasema Rabenoro alikuwa na haki.

Tuombee ukavu kidogo.

Mdogo wako,
Tovo


Antananarivo, 8 Januari 1987

Tovo,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Bodo na kwa Fara. Sina habari za nyumbani za kukupa leo. Barua hii naituma kwa rejista, utaitia sahihi posta, kwa sababu nataka ifike.

Rabenoro ameandika tena, moja kwa moja kwetu, bila kumpitia meya. Safari hii haombi nondo. Anaomba kitu kidogo: kufunga lango kwa mbao mpaka kabari ikaguliwe. Kumbe alipiga magoti akachungulia. Ameiona, Tovo. Mhuri wa kupokelewa nimeugonga mimi mwenyewe, tarehe 5.

Nimeiweka chini ya rundo. Mkurugenzi wetu ni mwoga. Akiisoma atatia sahihi zote mbili kwa wino mmoja, mbao na nondo pamoja, alale usingizi. Nimeona mageti matatu yakifa namna hiyo na sitaki kuona la nne, tena letu. Nakupa mpaka tarehe 22 yako. Mnajimu wako simcheki. Lakini leo hii, ukimaliza kusoma mstari huu, nenda kafunge kamba. Kamba tu ya kawaida, nguzo hadi nguzo, na kibao kwamba lango limefungwa. Watu wapite upande wa kanisa. Mama Raivo ahamie kisimani na jiko lake. Kamba haitoboi jiwe, na haihitaji siku njema.

Ukishafunga nipigie simu kutoka posta, hata kama foleni ni ndefu.

Voahirana


Ambohitrakanga, 27 Januari 1987

Dada,

Sijui nianze na salamu gani. Bodo mzima. Fara mzima, ila hasemi sana.

Mama Raivo amefariki. Jumanne iliyopita, tarehe 20, kwenye saa tano asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Kabari ilisagika kama mkate uliolowa, jiwe likaserereka, likagonga nguzo ya kushoto, likalala upande wa ndani. Yeye alikuwa upande wa ndani. Tulikusanyika watu thelathini na wawili na magogo, na mpaka tunaliinua ilikuwa saa nane mchana. Alivyokuwa sitakuandikia. Jiko lake lilikuwa limebaki kando bila kuguswa na makaa yalikuwa bado yanawaka. Hakuna mwingine aliyeumia. Shule zinatoka saa sita.

Kama uliniandikia mwezi huu, haijafika. Maji yalikata barabara sehemu mbili.

Wamemlaza kwa muda nyuma ya nyumba yake mpaka Agosti, kaburi la ukoo wao litakapofunguliwa. Wakati wa kumvisha sanda niliinuka nami nishike kitambaa, maana kwetu aliyekula mkononi mwa marehemu anashika. Mwanawe mkubwa, Ndrema, akaniwekea mkono kifuani. Hakuwa na hasira, dada, ndilo linaloniumiza. Alisema tu, "Kaa kwanza, Tovo. Tujue kwanza."

Polisi wamemchukua Rabenoro. Meya amesema usalama wa bustani ni kazi ya mhandisi na kwamba hakuna onyo lolote juu ya kabari alilotoa. Rabenoro anasema alionya kwa maandishi, huko kwenu, na hana nakala. Mimi nilihojiwa nusu saa tu, wakaniambia nirudi kazini.

Watu wanasema mengi. Wanasema ni ubishi wa kizee, kwamba mtu mwenye akili asingekaa chini ya jiwe mvua yote ile kwa ajili ya vitumbua. Mimi nami sijui kwa nini alikuwa bado amekaa pale.

Tovo


Antananarivo, 15 Februari 1987

Tovo,

Nimepata barua yako siku ya Jumatano na sikwenda kazini Alhamisi. Zaidi ya hapo juu ya Mama Raivo siwezi kuandika. Nimemwandikia Ndrema rambirambi, mistari minne, na ilinichukua jioni nzima.

Mke wa Rabenoro yuko hapa mjini. Anaitwa Sahondra, mwanamke mwembamba, mwalimu. Amefikia kwa binamu yake, na kila siku ofisi ikifunguliwa anakuja kuketi kwenye benchi la ukumbini, mbele ya mlango wangu, mpaka tunafunga. Hapigi kelele. Siku ya kwanza aliniambia, "Bibi, mume wangu ana mwandiko mbaya lakini si mwongo. Akisema ameandika, ameandika." Nikamwambia tunatafuta. Mchana nampelekea maji ya ukoko wa wali kwenye kikombe changu, kwa kuwa hali kitu. Ananishukuru kila mara, husimama kabisa kunishukuru. Jana aliniuliza kama nina watoto. Nikasema sina, ila nina mdogo wangu niliyemlea nusu, akasema basi naelewa.

Karatasi haijaonekana. Nakuandikia vilevile ninavyomwambia yeye.

Mkurugenzi ameniuliza mara moja. Nilimjibu kwamba wakati wa sikukuu barua nyingi zilichanganyika. Akaridhika haraka mno, nadhani kwa sababu naye hataki ionekane.

Sikuulizi kitu, Tovo. Nawe usiniulize.

Voahirana


Ambohitrakanga, 10 Machi 1987

Dada Voahirana,

Salamu kutoka kwa Bodo. Mpunga wa bonde la chini umesimama vizuri, wa juu umesombwa. Fara hataki kupita langoni, anazunguka kwa upande wa kanisa na kuchelewa shule, na mwalimu amemwadhibu mara mbili. Nimekwenda kumweleza mwalimu, akaiangalia kofia yangu tu.

Lango lote wamelizungushia mabati. Jiwe limelala vilevile lilivyoangukia. Walikuja watu wa meya wakasema watalimwagia saruji hapohapo lilipo, lisimdhuru mtu tena. Alahamady inakuja na hatutalisogeza mwaka huu, na sidhani tutalisogeza tena. Nilisimama pale na ufagio wangu nikiwasikiliza.

Nimesikia kuhusu huyo mwanamke. Naomba unisikilize vizuri bila kukasirika. Rabenoro si mtu wa hapa. Atapata wakili, atakaa mwaka mmoja au miwili, kisha watamhamishia pwani huko na watu watasahau. Miguu yake imevimba huko rumande, ni kweli, lakini Bodo humpelekea wali siku za Jumamosi. Mimi na wewe tutakwenda wapi? Baba mdogo Rainivelo amekwisha kusema, mbele ya wazee wote, kwamba yeyote mwenye mkono katika kifo cha Raivo mlango wa kaburi letu hautafunguliwa kwa ajili yake. Alisema hivyo akidhani anamsema mgeni. Fikiria, dada. Baba na mama wamelala mle wanatungoja, na sisi tutupwe kando ya barabara kama watu wasio na kwao.

Aliyekufa hatarudi kwa karatasi. Iliyopotea na ipotee.

Nakupigia magoti,
Tovo


Antananarivo, 4 Aprili 1987

Tovo,

Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa lako. Mwambie Fara namkumbuka. Mimi mwili haujambo. Nalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari, naona aibu kukuambia hivyo.

Nimempa. Juzi Alhamisi, mchana, watu walipokwenda kula. Nilimwita Sahondra ndani, nikamketisha kwenye kiti changu, nikatoa karatasi chini ya rundo ambako ilikuwa siku zote. Sikuipeleka kwa mkurugenzi kwanza, kwa sababu huko ingepotea kweli. Aliisoma polepole, kama mwalimu anayesahihisha. Akafika kwenye mhuri, akauangalia sana.

"Tarehe tano Januari," akasema.

"Ndiyo."

"Wiki mbili kabla."

"Ndiyo, wiki mbili."

"Nani aliigonga mhuri?"

"Mimi."

Kikombe kilikuwa palepale mezani. Akakitazama, akanitazama, kisha akaniuliza, "Na wewe ndiye uliyekuwa ukiniletea maji?" Nikasema ndimi. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Akaikunja karatasi, akaiweka kifuani, akatoka. Jioni ile nilimpelekea mkurugenzi barua ya kuacha kazi, akaniambia nisihangaike kuacha kwani nitaachishwa na kushtakiwa. Hakimu ananiita tarehe 27. Nitasema niliificha, na kwa nini niliificha. Kwamba niliogopa saruji kuliko nilivyoogopa jiwe. Miaka kumi na tisa nimezoea kuogopa kitu kisiguswe, nikasahau kuna watu wanakaa chini yake. Rabenoro alitaka mengi mno na wewe hukutaka hata kidogo, na mimi niliyekuwa katikati, kazi yangu ikiwa ni hiyo tu ya kupima katikati, nilikaa juu ya karatasi.

Kuhusu kaburi, usinitishe nalo tena. Nimelifikiria usiku mwingi kuliko wewe. Nikizikwa kando ya barabara, nimezikwa.

Sasa la mwisho, na hili nilikuwa nalo tangu Februari. Barua yangu ya tarehe 8 Januari ilikwenda kwa rejista. Stakabadhi ilirudi kwangu, na ina sahihi yako, ile T yenye mkia mrefu aliyokufundisha baba. Imeandikwa Ijumaa tarehe 16. Siku nne, Tovo. Siku tatu baada ya kusoma kwako kwamba haijafika nilikuwa na stakabadhi hiyo mkononi, nikachagua kunyamaza, maana nami nilikuwa na langu la kunyamazia.

Barua yako ya Desemba, ile ya kabari na kisu, sikumpa Sahondra na sitampa hakimu. Iko hapa nyumbani, ndani ya Biblia. Langu nimelisema mimi. Hilo ni lako.

Voahirana


Ambohitrakanga, 3 Mei 1987

Dada yangu mpendwa,

Sijui barua hii itakukuta nyumbani au mahali pengine, kwa hiyo naituma kwa jirani yako. Tunavuna. Mpunga si mwingi, utatosha. Bodo anajua yote sasa. Siku mbili hakunisemesha, siku ya tatu akanipakulia chakula. Tumesikia kwamba hakimu amekupa muda mpaka kesi itajwe tena, na kwamba ulisimama wima ukajibu kila swali. Aliyetuletea habari alisema wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia karani kuweka karatasi zake sawa. Nikacheka, kisha nikalia mbele ya mtoto.

Rabenoro ametoka. Alirudi Jumatano, anatembea na fimbo. Alikuja mpaka kwenye mabati, akachungulia jiwe, akanisalimu kwa jina. Nilitamani ardhi inimeze. Kesho Jumatatu nakwenda kwa hakimu. Ukipata nafasi mpelekee ile barua ya Desemba, au umruhusu mtu aichukue. Lakini kuna jambo ambalo halimo ndani yake, na nataka ulisome kwangu kabla hujalisikia mahakamani.

Niliisoma barua yako Ijumaa ile nikiwa nimesimama posta. Nilikwenda moja kwa moja dukani, nikanunua kamba. Niliitundika kwenye msumari wa kibanda changu. Nikasema kesho. Jumamosi kulikuwa na harusi mbili za kupiga picha. Jumapili watu wa kanisani. Kila nilipoishika nilimwona Rabenoro akipita na kutabasamu. Hakuwahi kutabasamu, dada, nilimwona hivyo tu mimi.

Jumanne asubuhi Mama Raivo aliniita. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Alikuwa ameshasimama, ameshika jiko kwa vitambaa viwili.

"Tovo, jiwe lako leo linalia chini kwa chini. Mimi nahamia kisimani."

Na mimi nilikuwa nimemwona Rabenoro anapanda ngazi za chini, yeye na karani wa meya, mwavuli mmoja. Nikamwambia, "Mama, kaa hapohapo, nakuomba. Akikuona umehama atasema hata muuza vitumbua anaogopa, na nondo zitaletwa kesho. Zimebaki siku mbili tu."

"Siku mbili nyingi, mwanangu. Mgongo wangu unasikia kitu."

"Mgongo wako unasikia uzee. Kaa, mama, kwa ajili yangu."

Akanitukana kidogo, namna yake ile. Akaketi. Rabenoro alipita, akamwamkia, akanunua vitumbua vitatu, akatazama jiwe, akaenda zake ofisini na karani. Mimi nilikwenda kufagia upande wa handaki la mji wa kale, nimefurahi kwamba nimeshinda. Haikufika nusu saa.

Jana nilikwenda nyumbani kwa Ndrema, nikamweleza yote haya kama nilivyokueleza wewe. Nilivua kofia, nikaiweka mlangoni, sitaivaa tena. Hakunikatiza. Nilipomaliza akamwita dada yake Lalao aliyekuwa jikoni, akaniambia, "Rudia. Na huyu asikie." Nikarudia, dada. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu nilijua nini kinafuata.

Ndrema akasema Agosti nisije. Nikakubali. Hata kama angeniita sijui mikono yangu ningeiweka wapi.

Lalao alikuwa bado amesimama, mikono imejaa unga. Akaniuliza, "Kwa hiyo alitaka kuhama?"

"Alitaka. Alikuwa ameshanyanyua jiko."

"Miezi mitatu nimemkasirikia," akasema. "Watu wote wanasema ni ubishi wake, na mimi nikasema nao. Hata nikipeleka maua pale nyuma namgombeza. Namwambia kwa nini hukuhama, mama, kuhama kungekudhuru nini."

Nikamwambia hakuwa mbishi. Nikamwambia nilimwomba mimi. Akarudi jikoni, na mpaka naondoka nilimsikia akizungumza huko ndani peke yake, kwa sauti ya chini, akimwomba mama yake radhi.

Tovo